Utuombee: Mama wa Yesu kati ya Maandiko na Mapokeo

ANASTAZIA: Karibuni, wasikilizaji wetu. Leo tunamzungumzia Maria, mama yake Yesu, nami ningependa tuanzie kwenye sala ambayo Wakatoliki wengi huishika kabla hawajajua kusoma. Mwezi wa Oktoba, jumuiya ndogo ndogo zinapokutana jioni kusali rozari, anayeongoza husema, “Salamu Maria, umejaa neema, Bwana yu nawe, umebarikiwa kuliko wanawake wote, na Yesu mzao wa tumbo lako amebarikiwa,” kisha wote huitikia, “Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu, utuombee sisi wakosefu, sasa na saa ya kufa kwetu. Amina.” Pale sauti ya mmoja inapopokewa na sauti za wengi ndipo ulipo mshono wa sala yenyewe.

ELIA: Fafanua mshono huo, dada Anastazia, maana sisi Walutheri hatusali rozari na wengi wetu hatujawahi kuusikia.

ANASTAZIA: Sehemu ya kiongozi imetoka katika sura ya kwanza ya Luka. Maneno ya mwanzo ni ya malaika Gabrieli, yanayofuata ni ya Elisabeti, na jina la Yesu likaongezwa baadaye. Wakristo wa Magharibi waliisali sehemu hiyo peke yake kwa karne kadhaa, bila kuomba lolote. Kiitikio ni cha Kanisa, na sala nzima kwa umbo tulilolizoea iliwekwa katika kitabu rasmi cha sala za mapadre kilichotolewa na Papa Pio wa Tano mwaka 1568.

ELIA: Basi niseme jambo litakalowashangaza baadhi ya Walutheri wenzangu. Wengi wanadhani ugomvi wetu unaanzia kwenye maneno “Mama wa Mungu”. Sivyo. Fomula ya Konkodi, ungamo letu la mwaka 1577, inasema waziwazi kwamba Maria anaitwa mama wa Mungu kwa haki, naye ni mama wa Mungu kweli. Sababu yake haihusu ukuu wa Maria hata kidogo. Inahusu ni nani aliyezaliwa naye.

ANASTAZIA: Hilo ndilo lililobishaniwa katika mtaguso, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, huko Efeso mwaka 431. Nestori, askofu wa Konstantinopoli, alipendelea Maria aitwe Mama wa Kristo, akihofu kwamba jina lile lingine lingewafanya watu wadhani Uungu una mwanzo katika tumbo la mwanadamu. Sirili, askofu wa Aleksandria, akajibu kwamba Mwana wa Mungu na mwana wa Maria si wawili, kwa hiyo aliyemzaa huyu amemzaa yule. Mtaguso ulikutania katika kanisa lililoitwa kwa jina la Maria, na uamuzi ulipotolewa, watu wa mji waliwasindikiza maaskofu usiku kwa mienge hadi walikofikia.

ELIA: Ila haraka ya Sirili haikuwa nzuri, tusimpambe. Aliufungua mtaguso tarehe 22 Juni bila kumngoja Yohane, askofu wa Antiokia, na maaskofu wa upande wake, waliofika siku chache baadaye na kukuta Nestori ameshahukumiwa. Ninaukubali uamuzi, lakini namna ulivyofikiwa siipendi.

ANASTAZIA: Hapo hatubishani. Na mzizi wa jina hilo umo katika Luka, pale Elisabeti anapouliza, “Limenitokeaje neno hili, hata mama wa Bwana wangu anijilie mimi?”

ELIA: Katika Luka huyo huyo, mwanamke mmoja katika mkutano anapaza sauti kulisifu tumbo lililomzaa Yesu, naye Yesu anajibu kwamba afadhali heri walisikiao neno la Mungu na kulishika. Marko ni mkali zaidi: mama na ndugu wamesimama nje wanamwita, naye anawatazama walioketi kumzunguka na kusema hao ndio mama yake na ndugu zake. Sioni kwamba anamdharau mzazi wake. Anakataa tu ujamaa wa damu uwe njia ya mkato ya kumfikia.

ANASTAZIA: Mtakatifu Augustino, Mwafrika wa Kaskazini, aliliona jambo hilo akafundisha kwamba Maria alikuwa na heri zaidi kwa kuipokea imani ya Kristo kuliko kwa kuuchukua mwili wake. Lakini tazama arusi ya Kana. Divai imekwisha, aibu inawanyemelea wenye shughuli, na Maria hamwambii mwanawe afanye nini. Anasema tu, “Hawana divai.” Jibu analopewa si la kutia moyo, kwani saa yake haijawadia. Yeye hajibizani naye, anawageukia watumishi na kuwaambia, “Lo lote atakalowaambia, fanyeni.” Mabalasi sita ya mawe yanajazwa maji hata juu, na baada ya hapo Maria haneni tena katika Injili yote ya Yohana, hata anaposimama chini ya msalaba na kukabidhiwa kwa mwanafunzi. Mkatoliki anaposema “utuombee”, anamwomba afanye alilolifanya Kana: aione haja ya wengine na kuipeleka kwa Mwanawe.

ELIA: Hapo sasa tumefika penye tofauti yenyewe. Utetezi wa Ungamo la Augsburg, mojawapo ya maandiko ya imani yetu Walutheri, wa mwaka 1531, unakubali kwamba Maria huliombea Kanisa. Unachokataa ni sisi kumwita na kumtegemea, kwa kuwa hakuna andiko linaloamuru hivyo wala ahadi kwamba anatusikia, na Paulo anamwambia Timotheo kwamba mpatanishi kati ya Mungu na wanadamu ni mmoja. Kule Kana, waliokuwa na shida walikuwa naye nyumba moja.

ANASTAZIA: Hoja ya ahadi ni nzito, siikwepi. Sisi tunajibu kwamba kifo hakikati ushirika wa walio katika Kristo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliijua hofu yenu. Tarehe 29 Oktoba 1963 maaskofu walipiga kura kama Maria aandikiwe hati yake peke yake au awekwe ndani ya hati inayolihusu Kanisa, na waliotaka awekwe ndani walishinda kwa kura 1,114 dhidi ya 1,074. Kwa hiyo anasomwa katika sura ya mwisho ya hati ya mwaka 1964, miongoni mwa waamini, na sura hiyo inasema kwamba umama wake hauupunguzi kwa lolote upatanishi wa Kristo ulio mmoja.

ELIA: Kura arobaini tu! Ni dhahiri hata kwenu jambo hili halikuwa jepesi.

ANASTAZIA: Wala kwenu, kaka Elia. Luther alipoufafanua wimbo wa Maria mwaka 1521, alimaliza kwa kumwomba Kristo atujalie kuuelewa kwa maombezi ya mama yake mpendwa.

ELIA: Ni kweli, aliandika hivyo, ingawa msimamo wake ulikuja kubadilika na kinachotufunga sisi ni maungamo ya Kanisa. Hata hivyo wimbo wenyewe hatukuuacha. “Moyo wangu wamwadhimisha Bwana” huimbwa katika ibada zetu za jioni, na mle ndani Maria anasema vizazi vyote vitamwita mbarikiwa. Mlutheri anayeona haya kumwita hivyo anabishana na Luka. Kipindi kijacho tutalichukua fundisho la kupalizwa mbinguni, yaani kwamba Maria alichukuliwa mbinguni mwili na roho, lililotangazwa na Papa Pio wa Kumi na Mbili mwaka 1950, na hapo, dada Anastazia, sitakubali kwa urahisi.