Hapana, Bibi Hakuniachia Shamba

Ndugu watazamaji wa Tanga, Mombasa na kwingineko, salaam. Tangu nilipoweka picha za maziko ya bibi aliyekuwa mwenye nyumba wangu hapa Saskatchewan, jimbo la Kanada, swali moja limekuwa likirudi kila ninapofungua maoni: "Amekuachia nini?" Wapo wanaouliza kwa adabu, na wapo wanaouliza kana kwamba nimeficha mali ya ukoo. Najua nikinyamaza nitaambiwa naringa na nikieleza nitaambiwa nalalamika, kwa hiyo nimeona bora nieleze, kila mtu achague lake la kusema.

Hakuniachia shamba. Hata angetaka, sheria ya jimbo hili haimruhusu mtu asiye raia wala mkaazi wa kudumu kumiliki zaidi ya ekari 10 za ardhi ya kilimo bila kibali maalumu, na mimi wakati huo nilikuwa bado naishi kwa kibali cha kazi. Ekari 10 katika nchi ya ngano na kanola, zao la mafuta ya kupikia, ambako shamba la familia moja huweza kufika maelfu ya ekari, hazitoshi hata kugeuzia mashine ya kuvunia. Kwa hiyo mnaoniandikia niwanunulie "kashamba" huku, tafadhali pumzikeni kidogo.

Bibi alifariki akiwa na umri wa miaka 97. Baba yake alikuwa mhamiaji aliyekuja wakati serikali ya Kanada ikigawa viwanja vya ekari 160 kwa ada ya dola 10, kwa sharti kwamba mtu ajenge, alime na aishi hapo miaka mitatu ndipo apewe hati. Mama yake alilima bega kwa bega na mumewe, lakini hangeweza kuomba kiwanja chake mwenyewe, kwa sababu mwanamke alikubaliwa kuomba, kama mkuu wa kaya, pale tu alipokuwa mjane mwenye watoto au katika hali nyingine chache mno. Kabla ya hapo ardhi yenyewe ilikuwa ya Wakri na wenzao, wenyeji asilia wa huku, waliotia saini Mkataba wa Sita na serikali mwaka 1876 na kisha wakabanwa katika maeneo yaliyotengwa. Hili Bibi alikuwa akilisema mwenyewe mezani, mbele ya wageni ambao wasingependa kulisikia.

Alikuwa mtoto mdogo ukame wa miaka ya 1930 ulipofika, udongo ukapeperuka na bei ya ngano ikaanguka. Treni zilileta chakula cha msaada, na ndani yake mlikuwa na samaki wakavu wa chumvi kutoka pwani ya Atlantiki, ambao watu wengi wa nyanda hizi hawakuwahi kuwaona wala hawakujua kwamba lazima waloweshwe kwanza. Aliponisimulia hayo nilicheka hadi machozi, maana sisi tuliolelewa kwa ng'onda na papa tungefungua darasa. Yeye hakucheka sana. Alisema mama yake aligawa samaki wale na jirani aliyekuwa na watoto wengi zaidi, ingawa nyumbani kwao pia hapakuwa na cha ziada.

Hapo ndipo ninapotaka tuelewane, kwa sababu wengi mnadhani ukarimu wa mzungu mkulima ni wa mtu aliyeshiba. Kwa sehemu kubwa ya maisha yake, hati za shamba alilolilima zilikuwa na jina la mumewe peke yake. Fedha za ngano ziliingia mara moja kwa mwaka, zikaenda benki, kwenye mbegu na kwenye mafuta ya trekta. Za kwake zilikuwa za mayai na malai aliyopeleka mjini, na ni kutoka katika senti hizo alikonunua vitambaa vya mablanketi ya viraka ambayo kila bibi harusi na kila aliyeunguliwa nyumba katika eneo lile alipewa. Umeme ulifika kwao katika miaka ya 1950, baada ya sheria ya umeme vijijini ya 1949. Hadi wakati huo alishona kwa taa ya mafuta.

Mwaka 1973 Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua kesi ya Irene Murdoch, mke wa mfugaji wa Alberta aliyekata majani, aliyepiga ng'ombe chapa na kuendesha ranchi mumewe alipokuwa kazini mbali kwa miezi kadhaa kila mwaka. Alipoachana na mumewe alidai fungu katika ranchi, akakosa, kwa hoja kwamba kazi yake ilikuwa ile ya kawaida ya mke yeyote wa mfugaji. Wanawake wa mashambani walikasirika, na kabla ya muongo ule kwisha majimbo yalikuwa yameanza kubadilisha sheria za mali ya ndoa. Bibi alikuwa na ndoa njema, lakini baada ya hukumu ile alimtaka mumewe waende pamoja kwa mwanasheria, na jina lake likaandikwa kwenye hati. Mimi namheshimu zaidi kwa safari hiyo kuliko kwa mablanketi yote.

Kisha ikaja 1981, riba za benki zikapita asilimia 20 na wakulima wengi wakaelemewa. Jirani mmoja aliyekodi shamba la Bibi alishindwa kulipa, naye Bibi akamwambia ataliandika deni, alipe atakapoweza. Aliandika kweli. Alikuwa na daftari la majina, tarehe na kiasi, na hakuona aibu yoyote kulifungua.

Jina langu nami limo, na hili ndilo jibu lenu. Wakala mmoja, ambaye sitamtaja, alikula fedha zangu na kuwasilisha fomu za ukaazi zikiwa na upungufu, zikarudishwa, na muda wa kibali changu ulikuwa unakwisha. Ndugu niliowatumia fedha miaka yote hawakupokea simu. Bibi alinikopesha ada, nikatia saini kwenye daftari, nikalipa kidogo kidogo hadi dola ya mwisho, naye akapiga mstari. Hakunipa bure, na nadhani ndiyo maana niliweza kuendelea kuishi nyumba moja naye bila kuinamisha kichwa.

Sisemi kila mtu atapata mwenye nyumba wa namna hiyo; nawajua Watanzania walioishi huku muda mrefu na jirani hajawahi kuwajulia hali. Hayo ni yangu binafsi. Shamba limekodishwa, nyumba ya mjini watoto wake wameiuza, na mimi nimehamia kwingine, kwenye kodi kubwa zaidi. Wanaouliza kuhusu ada za ukaazi waangalie tovuti ya serikali kabla ya kumlipa mtu yeyote, kwa kuwa nilizolipa mimi zimekwisha kupandishwa.