Karafuu Hazilazwi

Assalaam alaykum wazee wangu, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni. Viti viko huku mbele, njooni mkae.

Nimeombwa nizungumze juu ya malezi na kazi. Walionialika wanajua nitakalolisema. Nimeshalisema Wete, nimeshalisema Mkoani, na leo nalisema tena hapa Chake Chake, Pemba hii hii, kwa sababu silioni likifanyiwa kazi. Nawaona watu wazima waliolelewa kwenye karafuu wanaishi kama kwamba msimu haujesha tokea walipokuwa na miaka minane. Wanachoka, wanaugua, wanapishana na watoto wao mlangoni. Ukiwauliza wanakujibu kwa fahari: "Sisi tumelelewa kwenye kazi." Ni kweli. Lakini malezi yale yalikuwa na nusu mbili, na sisi tumeondoka na moja. Nusu ya pili ndiyo iliyonileta.

Historia ya karafuu naipita. Kimbunga cha mwaka 1872 kilichoilaza mikarafuu ya Unguja mnakijua, eka tatu za ardhi walizogaiwa watu baada ya Mapinduzi mnazijua, wengine wenu mumejenga juu yake. Naenda moja kwa moja uani kwa bibi yangu.

Jua likianza kuinama wachumaji wanashuka mitini. Mapakacha yanaingia uani moja baada ya jengine, na bibi amekaa kwenye kibao na pishi lake anapima. Pishi hili la fulani, pishi hili la fulani, hakuna daftari, yote anayo kichwani. Karafuu zinamwagwa juu ya jamvi na makonyo yake, vile vijiti vinavyozishika, chungu linapanda mpaka sisi watoto hatuonani upande wa pili. Tukishasali magharibi kandili linawashwa, na kila mtu, mkubwa na mdogo, anavuta nafasi yake pembeni ya jamvi. Hapo ndipo kuchambua kunapoanza.

Vijana wa leo wengine hamjawahi, basi nitakuonesheni. Unashika kichala kwa mkono huu. Unakisukuma kwenye kiganja cha mkono wa pili huku unakipindisha, hivi, karafuu zinakatika zote kwa mara moja. Zinaangukia mbele yako, konyo unalitupa nyuma. Unachukua chengine. Mtu aliyezoea hatazami mikono yake, anapiga hadithi, na chungu lake linakua. Baada ya saa moja vidole vimekuwa vyeusi na vinanata, na ukijisahau ukafikicha jicho, utakesha unalia.

Mdogo wangu wa kiume alikuwa na miaka sita. Usiku mmoja nikamwona kichwa kinaanguka, kinanyanyuka, kinaanguka, mara hiyo kikatua kabisa juu ya chungu la karafuu, amelala mdomo wazi. Sisi tukacheka. Bibi hakucheka wala hakugomba. Aliinuka akachota maji kwa kata, akamnawisha uso taratibu, akamkalisha mapajani pake, akamtia kichala mkononi. Akasema maneno ambayo mpaka leo nayasikia kwa sauti yake: "Wewe utalala, mjukuu wangu. Hizi hazilazwi."

Na alikuwa anasema kweli tupu. Karafuu mbichi ukizirundika zikalala na makonyo yake, chungu linapata joto kwa ndani. Ukitia mkono asubuhi utalisikia. Zinavunda, na ukija kuzianika zinakauka zimesinyaa, zimepauka, hazina ule wekundu wa kahawia mtu anaoutaka. Ukizipeleka kituoni kuziuza zinatupwa daraja la chini. Jasho la mchumaji aliyepanda juu, na kazi ya mwaka mzima ya mti, vyote vinapotea kwa usiku mmoja wa usingizi. Kwa hiyo mtoto wa nyumba ya karafuu alifundishwa jambo moja kabla hajajua kusoma: cha leo kinaishia leo.

Sasa mchukueni mtoto yule mumpe miaka arubaini. Yuko ofisini, yuko wodini, au yuko dukani kwake Darajani. Mmoja katika ndugu zangu yuko Maskati, ana kazi ya mchana na kazi ya usiku, na Ijumaa anaendesha gari la kukodi. Jambo likibaki nusu, hawezi kufumba macho. Barua moja haijajibiwa, anahisi ule moto ndani ya chungu. Hakuna aliyemlazimisha, hakuna karafuu itakayovunda, lakini mikono yake haijui hivyo. Mikono ilifundishwa kabla ya akili.

Na mvua je? Karafuu zimeanikwa uani, siku tatu nne za jua kali zinatosha. Pemba mvua haikupigi hodi, unaisikia kwanza inakuja juu ya majani ya mikarafuu kule bondeni, sauti kama mtu anamwaga mchele kwenye sinia. Mmoja anapiga ukelele, "Mvua!" na nyumba nzima inatoka mbio. Mwenye tonge mkononi analiacha. Mgeni aliyekuja kuposa anashika pembe ya jamvi. Mimi nilijifunza kulala na sikio moja limeamka. Leo simu ikilia kwenye meza ya chakula, tazameni nani anainuka wa kwanza na tonge kinywani. Ni yule yule mtoto. Kasikia "Mvua!"

Najua mtu ameshaanza kuniuliza moyoni: kuna ubaya gani? Si ndiyo wamefika walipofika? Mgagaa na upwa hali wali mkavu. Naam. Methali hii naletewa kila ninapozungumza, na kila mara aliyeileta hakuwahi kukaa pwani akaitazama. Upwa ni nini? Ni pale maji yalipokauka. Mgagaa na upwa anashuka na maji yakitoka, anaokota chaza wake na pweza wake, na maji yakianza kujaa anapanda. Hapana upwa wa kugaagaa maji yakijaa! Anayebaki kule hapati kitoweo, anazama. Wazee waliotunga methali ile walikuwa watu wa bahari, walijua bamvua na maji mafu, hawakumwambia mtu agaegae saa ishirini na nne.

Na hii ndiyo nusu iliyosahaulika. Nirudi kwa bibi. Kichala cha mwisho kikishachambuliwa, hata ikiwa saa tano ya usiku, bibi alikuwa anafagia jamvi kwa mkono, anayakusanya makonyo pembeni, kisha analichukua pishi na kulifudikiza, mdomo chini, katikati ya jamvi. Pishi likishafudikizwa, kazi ya siku imekwisha. Hapana mtu aliyeruhusiwa kulitaja deni, wala mchumaji, wala bei. Bibi alikuwa mkali kwa hilo kuliko alivyokuwa mkali kwa uvivu. Nilimwona kwa macho yangu akimnyamazisha babu, mume wake, mwenye shamba, alipoanza kuuliza kesho wanachuma upande gani. Alimwonesha pishi kwa kidole tu. Babu akanyamaza.

Na msimu nao ulikuwa na mwisho wake. Mti ukishamalizika umemalizika, huwezi kuubembeleza. Karafuu zinauzwa, madeni yanalipwa, pesa za makonyo tunagaiwa sisi watoto, kanga mpya zinanunuliwa, harusi zinafuatana mpaka watu wanachoka biriani. Tuliziba paa, tulilala mchana, tulikwenda kuogelea. Mkarafuu wenyewe haubebi sawasawa kila mwaka. Mwaka ukizaa sana, mwaka unaofuata au miwili baadae unazaa haba, na mwenye shamba hajawahi kuuita mvivu.

Sasa nyinyi niambieni, nani kati yenu analifudikiza pishi lake? Mimi sikulifudikiza. Nilisomesha miaka thelathini, na siku ya Idi pili, mwaka mmoja wa mitihani, nilikuwa chumbani nasahihisha madaftari. Binti yangu, mdogo, amevaa gauni lake la sikukuu, akaniletea sahani ya bokoboko. Akaiweka juu ya madaftari, mimi nikaisogeza bila ya kumtazama. Alikaa kitandani akiningoja nile. Nilipokuja kunyanyua kichwa bokoboko limeganda, samli imefanya utando mweupe juu, na mtoto hayupo. Madaftari yale yangeweza kungoja mpaka baada ya sikukuu, hayakuwa na makonyo. Yule mtoto sasa ni mke wa mtu, na sahani ile naiona kila Idi.

Kwa hiyo mtu asinipakazie kwamba napiga vita kazi. Nililelewa na kazi na naishukuru. Ilinifundisha kumtazama mchovu mwenzangu nikamsogelea kumsaidia, ilinifundisha kwamba mkono mdogo nao unahesabika. Mtoto aliyekuwa na nafasi yake pembeni ya jamvi alijua kwamba bila yeye nyumba imepungua. Hilo huwezi kulinunua dukani, na mtoto anayekaa nyumbani kama mgeni wa hoteli, anapikiwa, anaoshewa, anatandikiwa, mnamnyima kitu kikubwa. Wazazi, hapo nanyi nakulaumuni.

Wengine mtasema, maalim, hayo ni ya watu wa shamba, sisi wa mjini hatuna mashamba. Hamna mashamba lakini mna mama aliyeamka saa kumi ya alfajiri kuchoma maandazi, na mtoto aliyepita nayo mitaani kabla ya skuli. Mna baba fundi cherehani na mtoto aliyekuwa anatia vifungo. Mna duka la nyumbani ambalo mtoto alijifunza hesabu kwenye mizani yake. Mtoto wa maandazi akikua hawezi kulala baada ya alfajiri hata siku ya mapumziko. Mumuulizeni kwa nini, atasema ndivyo alivyo. Sivyo alivyo, ndivyo alivyofanywa.

Na mwengine atasema nataka watoto warudishwe mashambani. Hapana! Hili nalijibu kila mahali na linanichosha. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, namba 6 ya mwaka 2011, inamkinga mtoto na kazi za kumdhuru, nami naiunga mkono kwa mikono miwili. Mkarafuu unapita mita 10 na tawi lake ni jepesi kukatika, halikupi habari. Kila msimu mkubwa kuna watu wanaoanguka, kuna wanaobaki kitandani maisha yao. Kumpandisha mtoto juu ya mti ule ni dhambi. Kumtoa skuli kwa ajili ya msimu ni kumkata mguu. Yapo pia mashamba ambayo mtoto alifanya kazi ya mtu mzima kwa sababu ya njaa, hapana bibi, hapana hadithi, hapana pishi lililofudikizwa, ni fimbo tu. Aliyelelewa hivyo akija kuniambia hataki kuisikia harufu ya karafuu, namwelewa. Nazungumzia kuchambua na wenziwe, nyumbani, mtoto akiwa amekaa chini na tumbo lake limeshiba.

Nilikuwa na mengine. Naoneshwa saa. Basi hili moja siliachi, kwa sababu akinamama hapa mbele wananitazama na najua wanangoja nilifikie.

Nimesema pishi likifudikizwa kazi imekwisha. Kwa nani? Sisi wavulana tulikuwa tunanyanyuka na kwenda kulala. Dada yangu alikuwa anakwenda jikoni. Vyombo vilikuwa vinamngoja, maji ya asubuhi yalikuwa yanamngoja, na alfajiri ndiye wa kwanza kuwasha moto ili wachumaji wapate chai na muhogo. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kama vyetu, na alikuwa mkubwa wangu kwa miaka miwili tu. Bibi, ambaye nimekusifieni muda wote huu, hapo hakumwona. Dada yangu leo ni muuguzi, analea wajukuu, anawauguza wazee wawili wa mumewe, na anaongoza kikundi cha kuweka akiba mtaani kwao. Watu wanasema, mashaallah, mwanamke huyu hachoki. Anachoka. Mimi ni ndugu yake, amenambia. Mwezi uliopita nilikwenda kwake, nikamkuta amekaa ukumbini anapepeta mchele ambao ulikuwa umeshapepetwa. Nikamwambia, dada, mchele huu safi. Akanijibu: "Najua. Lakini nikikaa mikono mitupu naona kama kuna mtu ataniita."

Nikalichukua lile ungo nikaliweka chini. Tulikaa pale mpaka magharibi, hatukufanya kitu. Mara tatu alitaka kuinuka, mara tatu nikamshika mkono.

Na watoto wa kike mlionao majumbani sasa hivi... Haya, hiyo adhana. Lile la malipo ya wachumaji nitalieleza siku nyengine. Twendeni tukasali, na mwenye suala atanikuta barazani.