Kikundi cha wanaofanana hukwama siku moja

Akina mama, vikundi vingi vya hisa, yaani vya kuweka akiba na kukopeshana, hukosea kabla hata ya kununua sanduku la fedha. Wanachama huchaguliwa kama vitenge vya sare: wote mama lishe, wote rika moja, wote kipato kimoja. Miezi ya mwanzo mambo huwa shwari. Ikifika Januari, ada zinadaiwa kila nyumba, biashara imelala kwa kila mmoja, na watu 20 wanaomba mkopo siku ileile ambayo hakuna aliyenunua hisa. Mfumo huu, ulioanzia Niger mwaka 1991 kupitia shirika la CARE, unaendeshwa kwa fedha za wanachama wenyewe. Sanduku likikauka, limekauka.

Kwa hiyo, kabla ya kuanza, chora miezi 12 sakafuni kwa chaki. Kila mama apewe punje 24 za mahindi, azipange kadiri fedha zinavyomwingia. Mkulima wa mpunga atarundika punje zake baada ya mavuno. Mshonaji atazipeleka karibu na Idi na Krismasi (na Idi huhama kila mwaka, msisahau). Mwalimu atatandaza mbili mbili, mwaka mzima. Mama wa mwani huvuna baada ya wiki sita hivi, kwa kufuata bamvua, yaani siku za mwezi mpya na mwezi mpevu, bahari inapojaa na kupwa sana. Sasa tazameni mwezi ambao hauna punje hata kwa mmoja wenu. Hapo ndipo mtakapokwama, na mwanachama anayefuata atafutwe kwa ajili ya mwezi huo.

Tofauti hizo ziheshimiwe hadi kwenye saa ya kikao. Bamvua likitoa maji asubuhi, mama wa mwani yuko baharini. Kumtoza faini ya kuchelewa ni kumwadhibu kwa sababu ya mwezi ulioko mbinguni.

Tuje kwenye kazi za kikundi. Asiyejua kusoma mara nyingi hujitoa mwenyewe: "Mimi sifai uongozi." Anafaa sana. Kikao kikifungwa, fedha zilizobaki hutajwa kwa sauti, na kikao kijacho hufunguliwa kwa kuuliza zilikuwa ngapi. Aliyezoea kutunza madeni ya wateja kichwani atajibu kabla katibu hajafungua daftari. Mpeni kazi hiyo rasmi. Kitabu chake cha hisa kinamtosha pia: hisa moja, muhuri mmoja, naye ataihesabu kwa kidole. Nafasi tupu zipigwe mstari papo hapo, la sivyo mihuri itaongezeka usiku.

Yule mbishi anayeuliza maswali hadi watu wanaguna, mfanyeni mhesabu fedha. Wahesabu wawe wawili, na bora wasiwe marafiki wa kupikiana. Kufuli ni tatu, na funguo zikae kwa akina mama watatu wa nyumba tofauti, wasio viongozi. Mtu na mkwewe, au wake wenza wa boma moja, ni sawa na ufunguo mmoja.

Kuna tofauti moja inayohitaji breki, nayo ni ya kipato. Bei ya hisa ipangwe kwa uwezo wa mwenye kipato kidogo, kisha kila mtu anunue hisa 1 hadi 5 kwa kikao. Mkiipanga kwa kumtazama mwalimu, muuza mchicha atakopa nje ili anunue hisa, na mkopo huo ndio utakaomtoa kikundini.

Siku ya mgao, tuseme hisa moja ilikuwa shilingi 2,000 na zimenunuliwa 2,400. Pamoja na riba, sanduku lina 5,640,000. Gawa kwa 2,400: kila hisa sasa ni 2,350. Mwenye hisa 60 anapata 141,000, mwenye 180 anapata 423,000. Hesabu zote mbili zisomwe mbele ya watu, kwa sauti ileile, na anayezipokea azihesabu palepale kabla ya kuondoka mkekani.