Riwaya za Vijana Zinazosimuliwa kwa Mashairi

Walimu wangu, waandishi wenzangu, nawashukuru kwa kuja.

Nitazungumzia riwaya za vijana zilizoandikwa kwa mashairi mwanzo hadi mwisho. Nianze na *Out of the Dust* ya Karen Hesse, iliyotoka Marekani mwaka 1997 na kupata Nishani ya Newbery, tuzo ya Marekani ya vitabu vya watoto, mwaka 1998. Msimulizi ni Billie Jo, msichana wa Oklahoma wa miaka ya 1930, upepo wa vumbi ulipokuwa ukifukia ngano mashambani. Baba anaacha ndoo ya mafuta ya taa karibu na jiko. Mama anadhani ni maji. Moto unalipuka, mama anafariki, na mikono ya Billie Jo, anayependa piano kuliko kitu chochote, inaungua.

Sasa tazameni ufundi. Hesse hatumii aya nzima kueleza uchungu. Anakata mstari, na pale mstari unapokatika kijana anabaki peke yake na lile jambo. Analifikiria mwenyewe. Katika *The Crossover* ya Kwame Alexander, iliyopata nishani hiyohiyo mwaka 2015, maneno yanakimbia na kushuka kwenye ukurasa kama mpira wa kikapu anaodunda msimulizi wake, Josh. Kijana anayeogopa kurasa zilizojaa maandishi hukimaliza kitabu hicho, kisha huulizia kingine.

Nimesikia ikisemwa kwamba huu ni mtindo wa kigeni. Sikubali hata kidogo! Mwaka 1913 Muhammad Kijumwa wa Lamu alitunga *Utenzi wa Fumo Liyongo*. Shujaa yumo kifungoni, mama yake anampelekea mkate wa wishwa wenye tupa ndani, naye anakata minyororo. Baadaye mwanawe wa kumzaa anamchoma kitovuni kwa sindano ya shaba. Kijana gani hatataka kujua kwa nini mtoto alikubali kumuua baba yake?

Na utenzi una mtambo wake. Vipande vitatu vya ubeti vina kina kimoja. Cha nne kinabeba kina cha bahari, kilekile, ubeti baada ya ubeti. Sikio linakingoja, na kungoja huko ndiko kunakosukuma kisa mbele. Inaniuma kwamba wanafunzi wengi hukutana na utenzi wakati wa kuhesabu mizani, yaani silabi za kila kipande, kwa ajili ya mtihani tu.

Tunachokosa ni ile sauti ya Billie Jo: mtoto anayesema “mimi”. Tuna kisa cha Liyongo kinachosimuliwa kutoka nje. Mwanawe hajapewa nafasi ya kujieleza.

Ombi langu kwa watunzi mliopo hapa: mpeni nafasi hiyo. Aanze siku alipoahidiwa zawadi kwa kumsaliti baba yake. Kina cha bahari kisibadilike mpaka mkono wake unyanyue sindano, kisha kivunjike papo hapo. Nanyi walimu, usomeni utenzi huo kwa sauti, darasa zima lisikilize, na siku hiyo msiulize swali lolote la mizani.