Mtu akidhurika na dawa ya shambani, dakika za mwanzo fanya hivi

Haya karibuni, leo ntaongea taratibu maana nataka hata ambaye hajawahi kusomea huduma ya kwanza atoke na kitu. Mtu karudi kupiga dawa shambani, analalamika kichwa, kizunguzungu, tumbo linakata, watu wanasema aah ni jua hilo, wanamlaza kivulini na nguo zake zilezile. Hapo ndo tunapokosea jamani, kwasababu hizi dawa za wadudu si lazima uzinywe, zinapenya kwenye ngozi, na shati lililolowa linazidi kumpa sumu muda wote amelala pale.

Kwanza mwangalie. Huyu mwenzangu ni mzima, anatusaidia kuonyesha tu. Anza na macho, ile mboni nyeusi ya katikati ikisinyaa mpaka inakaribia kuwa kanukta, shtuka. Alafu angalia mate, machozi, jasho, kutapika, kuhara, mkojo kumtoka, yaani maji yanamtoka kila mahali, na nyama za kope au mapaja zinarukaruka zenyewe. Usisubiri dalili zote zitimie. Na sikiliza kifua! Mapafu yakijaa majimaji utasikia pumzi inakoroma, na hicho ndo kinachoua haraka. Inakuwa hivyo kwasababu dawa za jamii ya oganofosfeti zinazuia kimeng'enya, yaani kemikali ya mwilini inayozima ujumbe wa neva, ile mishipa ya fahamu, sasa tezi na misuli vinapewa amri bila kukatika mpaka misuli inachoka, hata ile ya kupumulia.

Mmoja atafute usafiri saa hiyohiyo, wewe vaa glovu za mpira mzito, kama huna ingiza mikono kwenye mifuko ya plastiki, usije ukawa mgonjwa wa pili. Mtoe penye hewa safi. Nguo zote vua, shati usilipitishe usoni, chukua mkasi ukate hivi kwa mbele, viatu na mkanda wa ngozi pia toa maana ngozi inanyonya dawa na haisafishiki, funga vyote kwenye mfuko. Kisha sabuni na maji mengi, nywele, nyuma ya masikio, kwapani, kwenye kinena, chini ya kucha, ila usisugue kwa nguvu ukamchubua. Dawa ikiingia jichoni miminia maji safi taratibu dakika 15. Kama kupumua ni kwa shida msikae mnaogesha hapo, gari likifika ondokeni.

Mlaze kwa ubavu wa kushoto, uso uelekee chini kidogo ili mate na matapishi yatoke nje, ona nilivyomkunja goti asibingirike.

Sasa hapa naomba unisikilize vizuri. Usimpe maziwa, mafuta, mayai mabichi wala maji ya chumvi, na usimtie kidole kooni atapike. Najua wengi tumelelewa hivyo, ila mtu aliyelegea akitapika yanaingia kwenye mapafu, na dawa nyingi zimechanganywa na vimiminika vya jamii ya mafuta ya taa ambavyo vikiingia huko vinaunguza. Na kama kanywa kwa kukusudia usimgombeze wala kumhoji, mshike mkono muende.

Chupa ya dawa nenda nayo, au piga picha lebo isomeke. Sio dawa zote zinatibiwa sawa, mfano parakwati ile ya kuua magugu, oksijeni nyingi inaweza kuzidisha madhara kwenye mapafu, kwahiyo daktari lazima ajue ni dawa gani. Kwa hizi za oganofosfeti atachomwa atropini, dawa ya kukausha yale majimaji, wanarudia na kuongeza dozi mpaka kifua kikauke, usishangae ukiona mdomo mkavu na moyo unaenda mbio.

Na akiamka akaanza kuongea usimng'ang'anize kurudi nyumbani. Kati ya siku ya kwanza na ya nne misuli inaweza kulegea upya, pumzi ikakata wakati kila mtu anajua kapona. We unayemuuguza mwambie kila mara ainue kichwa kutoka kwenye mto, akishindwa kuinua shingo mwite nesi hapohapo, hata kama ni usiku wa manane.