Khanga haina makosa

Assalaamu alaykum. Mliosimama mlangoni ingieni, nafasi ipo mbele, sisi Wapemba mbele hatukai hata harusini. Mzee wangu pale nyuma nimekuona, umevua kiatu kimoja na mguu umeuweka kwenye saruji nje ya mkeka, kaa hivyo hivyo, ntakujia. Na walionisikia Wete wanisamehe, ntarudia habari za maumivu yanayobaki ngozi ikishapona, maana kila nikimaliza kusema natoka nje nakuta mtu ananambia "kwa hivyo yule mamako mdogo alikuwa anajitia tu", basi mie ntasema mpaka mnichoke.

Mamangu mdogo alipata mkanda wa jeshi, mbavuni upande wa kushoto, vile vipele vya maji mnavijua sina haja ya kuvieleza. Vikakauka, ngozi ikarudi, kabaki na baka tu, nyumba nzima alhamdulillah. Kumbe ndo kwanza. Akawa hawezi khanga. Na si khanga mpya yenye wanga, khanga imefuliwa mpaka imelegea, ikimgusa tu anaruka. Kila nikenda namkuta barazani kaishika kwa vidole viwili kaitega mbali na ubavu, mkono huu ukichoka anashika kwa ule. Feni haiwashwi. Mjukuu wake alizoea kumrukia akitoka chuoni, akakatazwa, mtoto wa watu akadhani bibi kamchukia. Na ajabu sasa: ukimkandamiza pale kwa kiganja, kwa nguvu, anakwambia afadhali. Ukimpitishia unyoya, machozi.

Spitali alikopelekwa, siitaji, na mkinifuata nje sitaji vile vile, wakatazama ngozi wakasema bibi kidonda kishapona, hapa hamna kitu, chukua panadol. Akarudi, panadol na diklofenaki. Mara ya tatu majirani wakaanza ohoo, huyu ana mtu wake kichwani. Akanywa kombe, na mie na kombe sina ugomvi, moyo ukitulia ni kheri. Ugomvi wangu na hilo neno "hamna kitu". Kitu kipo! Hakipo kwenye ngozi, kipo kwenye neva na kwenye ugwe wa mgongo, na ngozi hata uikague kwa darubini hutokiona.

Vile virusi vya tetekuwanga ya utotoni havitoki mwilini, vinajibanza kwenye vifundo vya neva kando ya uti wa mgongo miaka na miaka, mtu akizeeka vinashuka kwa neva ile ile mpaka ngozini, ndo maana mkanda unakaa upande mmoja, na njiani vinaiumiza neva yenyewe. Sasa neva inaishia wapi? Kwenye ugwe, hicho kitu laini kinachopita ndani ya uti, sentimita 45 hivi kwa mtu mzima, unene wa kidole cha mwisho. Watu wanadhani ule ni bomba tu la kupitishia habari kwenda kwenye ubongo. Sio. Mle ndani mna kuchuja, habari gani ipite na gani izuiwe, watafiti Melzack na Wall walishasema tokea 1965. Ukijikwaa si unausugua mguu? Ule mguso wa kusugua unakwenda kuyafungia maumivu mlango kule ugweni.

Hapa naomba muwe na mie. Seli za ugwe zina breki. Breki inafunguka kijitundu, kloraidi, chembe zile za chumvi, inaingia, seli inatulia. Lakini ili iingie lazima ndani iwe kidogo, kwa hivyo seli ina pampu inayoitoa nje usiku na mchana, inaitwa KCC2. Watu wa Kojani wataniambia kama nimekosea: dau linavuja, mna mtu kazi yake kufua maji, akifua dau linakwenda. Neva ikiumia, kuna seli za ulinzi ndani ya ugwe, maikroglia, zinaamka. Watafiti Tsuda na Inoue wa Japan pamoja na Salter wa Toronto walionyesha 2003 kwamba zikiamka zinaota vipokezi vya P2X4, yaani vijimlango vya kupokea ishara, ukivizuia panya anaacha kuruka akiguswa. Halafu 2005 Coull, De Koninck na huyo huyo Salter wakaonyesha zinatoa protini, inaitwa BDNF, inayoizorotesha ile pampu. Yaani mfua maji kasinzia. Kloraidi imejaa ndani, breki ukikanyaga haishiki, na pengine seli ndo inazidi kuwaka. Khanga inaingia ugweni ikiwa mguso, inatoka moto. Khanga haina makosa, na mama mdogo hajitii.

Najua kuna mtu anasema moyoni huyu katuletea habari za panya. Ndio ni panya, wewe nani atakubali tumchane ugwe? Na panya wenyewe wametuumbua. Miaka yote hiyo walitumiwa zaidi madume, eti majike homoni zao zinasumbua hesabu. 2015 Sorge na Mogil, na Salter yumo tena, wakapima majike: ukizizima maikroglia dume anapata nafuu, jike wala hana habari, yeye maumivu yake yanaonekana kupitia seli nyengine za kinga, seli T. Na wenye maumivu sugu wengi wao ni kina mama! Kina mama mnacheka, mie nilipoisoma sikucheka.

Dawa, haraka haraka, naona mnatazama saa. Panadol kwa maumivu haya haifui dafu. Kuna amitriptilini dozi ndogo usiku, kuna gabapentini na pregabalini. Watu wanasoma karatasi ya amitriptilini wanaona imeandikwa ya sonona wanaitupa, "daktari kanifanya mwendawazimu". Hakukufanya, dawa ile inaongeza nguvu ya zile neva zinazoteremka kutoka ubongoni kuja kuutuliza ugwe. Wala si muujiza, mapitio ya 2015 yanaonyesha katika watu wanne hivi mmoja ndo anapata nafuu kubwa iliyotokana na dawa yenyewe. Mama mdogo alipata nusu. Feni sasa anawasha, namba moja.

Vijana wanaoanguka mikarafuu wakaumia ugwe wenyewe nilitaka kuwasema, na kisukari, muadhini hanipi. Maswali ya mashetani baada ya sala.

Mzee wangu, kiatu usikivae kwanza. Unawaka moto usiku, sio? Hebu niuone huo mguu.