Mkaa Hauna Mita

Asanteni sana, wazee wangu, mama zangu na vijana wa Mtwara. Nimeombwa nizungumzie nishati ya nyumbani na hewa ukaa, ile gesi inayoongeza joto duniani. Nitaanza na LUKU, mita yetu ya umeme wa kulipia kabla.

LUKU hutuonyesha uniti zilizobaki, haituambii kilichozila. Lakini tazameni uso wa mita: kuna kitaa kinachowaka na kuzimika, na pembeni imeandikwa idadi ya mipigo kwa uniti moja. Tuseme ni 1,000. Zimeni kila kitu, washeni pasi ya wati 1,000: kitaa kitapiga kama mara 17 kwa dakika. Wekeni balbu ya zamani ya wati 60: mara moja kwa dakika. Balbu ya LED ya wati 9? Mtasubiri karibu dakika saba kuuona mpigo mmoja. Wafanyieni watoto jaribio hili, nao ndio watakaowakumbusha kuzima pasi.

Kwa miaka mingi umeme wetu umetokana na gesi ya Mnazi Bay. Uniti moja ya umeme wa gesi hutoa takriban nusu kilo ya hewa ukaa. Kwa hiyo nyumba ya uniti 75 kwa mwezi inafikia kama kilo 38.

Sasa twendeni jikoni, maana huko ndiko kwenye mzigo. Mkaa hauna mita. Tunanunua kopo leo, kopo kesho, na hela inatoka kidogokidogo bila kuuma. Mtungi wa gesi unadai hela yote siku moja, ndiyo maana unaonekana ghali hata kabla hatujapiga hesabu.

Pimeni mkaa wa siku moja. Tuseme kilo mbili zimeivisha mbaazi na ugali. Kila kilo ikiungua hutoa karibu kilo tatu za hewa ukaa. Uzito unaongezeka kwa sababu kaboni hushikana na oksijeni ya hewani. Kwa mwezi ni kilo 180, karibu mara tano ya umeme wote wa nyumba ile! Na bado hatujahesabu tanuri la porini, ambako kilo moja ya mkaa hula kilo 6 hadi 10 za kuni. Msitu ukiachwa uchipue, miti huivuta tena hewa hiyo. Ukigeuzwa shamba, basi.

Hili linaniuma. Taifa limejiwekea lengo la asilimia 80 ya Watanzania kupikia nishati safi ifikapo 2034, na mama anatakiwa achague huku hajawahi kuonyeshwa mkaa wake unakula kiasi gani.

Naiomba TANESCO: ujumbe wa kununua umeme tayari unatuchambulia kodi ya VAT, na tozo za EWURA, mdhibiti wa nishati, na REA, wakala wa nishati vijijini. Uongezwe mstari wa uniti za mwezi uliopita na kilo za hewa ukaa. Mkaa tutajiandikia wenyewe, ukutani jikoni: tarehe, kilo, shilingi. Na mbaazi zilowekwe usiku, sufuria ifunikwe, kisha mlinganishe wiki na wiki.

Mizani ninayo hapa mezani. Karibuni tupime pamoja, halafu nitajibu maswali.